Staringi anapokufa: hesabu ya damu katika filamu za Asia

"Staringi hafi." Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tuliijua kanuni hii kabla ya kujua kusoma vizuri. Risasi zitamkosa, atadondoka ghorofani na kuinuka, atapigwa mpaka uso uvimbe, ila mwisho wa picha anayelala chini ni adui. Kwangu mimi kanuni hiyo ilivunjika nikiwa na miaka kama tisa, siku mwenye kibanda alipoweka kanda ya Fist of Fury, filamu ya mwaka 1972. Bruce Lee, ambaye humo anaitwa Chen Zhen, anatoka langoni mwa chuo chake cha kungfu jijini Shanghai, anaikuta safu ya askari wamemwelekezea bunduki, anaanza kukimbia kuwafuata, anaruka na kutoa ule ukelele wake. Picha inaganda hapohapo. Mguu uko hewani, mdomo uko wazi, halafu inasikika milio ya risasi.

Tulidhani kanda imekwama. Mmoja wetu akainuka kwenda kuigonga deki. Kaka mmoja aliyekaa benchi la nyuma akasema kwa upole, "Acheni, amekufa huyo." Tulibishana njia nzima kurudi nyumbani, na wapo waliolala wakiamini kwamba Bruce Lee aliwapiga askari wote, ila mkanda uliishia njiani.

Nimetazama filamu nyingi za Asia tangu siku ile, na bishano letu bado naliona lina maana, kwa sababu lilikuwa limeligusa swali lenyewe. Kwa nini Hong Kong, Japani, Korea na India ziko tayari kumuua staringi wao? Na kwa nini vifo hivyo vinakaa kichwani miaka na miaka, wakati maiti mia za filamu nyingine tunazisahau kabla hatujafika mlangoni? Naonya mapema kwamba nitataja miisho, maana bila miisho hakuna cha kufafanua.

Ukitazama kwa makini, kinachoua kwenye filamu hizi ni deni. Mtu akizidiwa nguvu anapigwa tu. Anakufa pale ambapo kuna hesabu inayotakiwa kufungwa: ya mwalimu na mwanafunzi wake, ya ndugu na ndugu, ya mzazi na mtoto, ya marehemu na waliomdhulumu. Mtazamaji anaanza kuibeba hesabu hiyo tangu dakika za mwanzo, hata kama hakuna aliyeitamka, na kifo kinapofika anahisi kwamba alikuwa anakisubiri.

Mchukue Chen Zhen. Mwalimu wake, Huo Yuanjia, amekufa kwa sumu, na Chen anawaua mmoja baada ya mwingine wote waliohusika. Deni la mwalimu limelipwa. Lakini damu aliyoimwaga imezaa deni la pili, na hilo linaangukia chuo na wenzake waliobaki humo. Anajisalimisha ili chuo kisiguswe. Mwongozaji Lo Wei, kwa kuigandisha picha, aliwaridhisha wote wawili: sheria imempata mtu wake, na sisi hatukumwona Bruce Lee akianguka. Mpaka leo hajaanguka. (Aliyeanguka ni kijana mmoja wa sarakasi za hatari aliyerushwa kupitia mlango wa karatasi badala ya mwigizaji wa Suzuki, bosi wa Wajapani. Kijana huyo ndiye tuliyekuja kumjua kama Jackie Chan.)

Kwa nini waandishi wa Hong Kong walikuwa wepesi kufunga hadithi namna hii? Sehemu kubwa ya jibu iko jukwaani. Filamu zao za mapigano zilitoka kwenye opera ya Kichina. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa kwenye shule moja ya opera chini ya mwalimu Yu Jim-yuen, wakifundishwa kuimba, kushika silaha, kupiga sarakasi, na kuanguka. Kufa jukwaani kuna ufundi wake. Upo mwanguko ambao mwigizaji anadondoka chali akiwa amenyooka kama ubao, bila kukunja goti, na watazamaji wanaoujua wanampima kwa hapo.

Mwongozaji aliyeuchukua ufundi huo na kuupeleka kwenye kamera ni Chang Cheh wa studio ya Shaw Brothers. Tazama filamu yake Vengeance! ya mwaka 1970. Ti Lung ni mwigizaji wa opera, na usiku huo anacheza nafasi ya shujaa aliyepasuliwa tumbo vitani, anayejifunga matumbo yake kwa kitambaa na kuendelea kupigana. Baadaye watu wenye visu wanamvamia kwenye nyumba ya chai. Chang Cheh anazichanganya picha mbili hizo. Kisu kinaingia, na jukwaani shujaa anazunguka na bendera zake mgongoni. Wanamtoboa macho, na jukwaani uso uliopakwa rangi unakunjamana. Anaanguka kwenye nyumba ya chai, na jukwaani anaanguka chali, mzima mzima. Mtazamaji anaelewa bila kuambiwa kwamba kifo hiki ni cha zamani sana, kimeshachezwa mara elfu, na mdogo wake lazima aje kulipiza. Mdogo mtu, David Chiang, anapofika kwenye pigano la mwisho amevaa nguo nyeupe, rangi ya msiba kwa Wachina. Amejivika mwenyewe nguo za maziko yake.

Miaka hiyo ya mwanzo wa 1970 Chang Cheh alikuwa na msaidizi kijana aitwaye John Woo. Mwaka 1986 kijana huyo, sasa mwongozaji kamili, alitoa A Better Tomorrow, na mmoja wa wakubwa ndani yake ni Ti Lung yuleyule. Aliyetikisa watu, hata hivyo, ni Chow Yun-fat kama Mark. Mark ana boti, ana nafasi ya kuondoka salama, baharini kumetulia. Anasikia milio ya bunduki huko nyuma alikomwacha rafiki yake. Anaigeuza boti. Mtazamaji wa kwetu akifika hapo anapiga kelele, kwa sababu anajua maana ya kurudi. Mark anafika, anapigana, kisha anamshika mdogo wa rafiki yake huyo, polisi anayemkataa kaka yake, anaanza kumweleza udugu ni nini. Risasi zinamkuta katikati ya sentensi. Sentensi haimaliziki. Kazi ya kuimalizia inabaki kwa ndugu wawili walio hai, na ndiyo inayoufanya mwisho wa filamu usimame. Watazamaji walimlilia Mark kiasi kwamba mwaka uliofuata Chow Yun-fat alirudishwa kwenye sehemu ya pili kama pacha wake. Naelewa kwa nini walifanya hivyo, ila pacha yule hana deni la mtu, na kila nikimtazama naona koti refu tu.

India inaijua hesabu hii vizuri kuliko yeyote, na hapa watu wa pwani yetu hawahitaji kufafanuliwa sana. Mwaka 1975 Amitabh Bachchan alikufa mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Kwenye Sholay, iliyotoka mwezi Agosti, yeye ni Jai, ambaye kila penye jambo gumu hurusha sarafu ili yeye na rafiki yake Veeru waamue. Mwishoni anaamua kwa sarafu nani abaki darajani kuzuia majambazi, na anabaki yeye. Anafia mikononi mwa Veeru, ambaye anaigeuza ile sarafu na kukuta kichwa upande huu, kichwa upande wa pili. Bahati haikuwepo tangu mwanzo. Rafiki alikuwa anachagua, kila mara, na kuisingizia sarafu.

Kwenye Deewaar ni Vijay, kuli wa bandarini mwenye beji namba 786. Mzee Rahim, mwenzake Mwislamu, anamweleza kwamba namba hiyo ina baraka, na kweli beji inamkinga na risasi. Ukumbi mzima wa sinema pwani ya Afrika Mashariki ulielewa bila tafsiri, kwa kuwa 786 ndiyo hesabu ya herufi za Bismillahi, na watu walikuwa nayo kwenye barua na milangoni mwa maduka. Kwa hiyo Vijay anapokimbia mwishoni na beji ikamponyoka, ikaanguka, watu walijua amekwisha kabla bunduki haijalia. Anayempiga risasi ni Ravi, mdogo wake wa damu, askari polisi. Anajikokota hadi hekaluni, anafia kwenye mapaja ya mama yake. Kifo hicho kina wadai watatu: mama, ndugu na sheria, na wote wanalipwa kwa mwili mmoja.

Sheria ni mdai ambaye mara nyingine anaingia kutoka nje ya hadithi kabisa. Mwisho wa Sholay uliopigwa kwanza ulikuwa Thakur, aliyewakodi Jai na Veeru baada ya kukatwa mikono miwili na Gabbar, mkuu wa majambazi, anamuua Gabbar kwa viatu vyenye misumari. India ilikuwa kwenye hali ya hatari iliyotangazwa mwaka huohuo, na bodi ya udhibiti haikutaka raia aonekane akijilipia kisasi. Polisi wakaingizwa dakika ya mwisho, Gabbar akakamatwa. Hesabu ya Thakur ikaachwa wazi, na ndiyo maana wengi tuliona mwisho ule umepooza bila kujua sababu.

Jambo hilohilo liliipata Infernal Affairs ya Hong Kong, ya mwaka 2002. Polisi mmoja amejipenyeza kwenye genge, mtu wa genge amejipenyeza polisi, na kila mmoja anamtafuta mwenzake. Mlango wa lifti unafunguka, na polisi mwema, aliyechezwa na Tony Leung, anapigwa risasi ya kichwa. Hakuna muziki wa kumwandaa mtazamaji, hakuna maneno ya mwisho. Msaliti, Andy Lau, anabaki hai na beji yake. Kwa soko la China bara ilibidi upigwe mwisho mwingine ambapo anakamatwa. Mimi nadhani mwisho ule wa pili unamhurumia. Filamu inafungwa kwa maneno ya Kibuddha kuhusu moto wa mateso yasiyokatika, na jina lake la Kichina linatokana na moto huo. Kuishi miaka mingi huku unajua aliyestahili nafasi yako amekufa ndiyo adhabu yenyewe. Kumkamata ni kumpunguzia.

Japani iliuliza swali jingine: baada ya kulipana, aliyebaki amepata nini? Kwenye Sanjuro ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1962, Toshiro Mifune na Tatsuya Nakadai wanasimama uso kwa uso, karibu kiasi cha kugusana. Hawasemi. Muda unapita mpaka unasahau kupumua. Kisha panga zinatoka mara moja tu, na kifuani mwa Nakadai damu inaruka kama bomba la maji lililopasuka. Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, lakini naapa kila aliyeitazama anakumbuka wekundu. Damu ilisukumwa kwa shinikizo kutoka kwenye mrija uliofichwa chini ya nguo, na filamu nyingi za samurai zilizofuata zilinunua ule mruko wa damu zikaacha kilichofuata. Kilichofuata ndicho cha maana. Vijana waliokuwa wanatazama wanamsifu Mifune. Anawageukia kwa hasira. Aliyemuua, anasema, alikuwa mtu kama yeye, upanga uliokaa nje ya ala, na upanga mzuri hukaa ndani ya ala. Anaondoka. Hakuna furaha ya ushindi hata chembe.

Kurosawa alikuwa amelitayarisha jambo hilo miaka minane kabla, kwenye Seven Samurai. Kati ya samurai saba wanakufa wanne, na wote wanne wanauawa kwa bunduki. Hata Kyuzo, fundi wa upanga ambaye hakuna angeweza kumkaribia, anaangushwa na mtu aliyejificha ndani ya nyumba. Katika vifo vile unaona enzi nzima ikizikwa.

Tuje kwenye filamu za kutisha, maana huku ndiko hesabu inapogeuka ndani nje. Kwetu tunasema dawa ya deni ni kulipa. Filamu za kutisha za Asia zinauliza: na kama mdai ameshakufa?

Mzimu wa Kijapani wenye nywele ndefu nyeusi zilizofunika uso na nguo nyeupe haukubuniwa na televisheni. Marehemu walivishwa nyeupe, na nywele za mwanamke zilifunguliwa kwa ajili ya maziko. Mwaka 1825 jukwaa la kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, lilimpata Oiwa, mke aliyepewa sumu iliyomharibu uso. Yuko mbele ya kioo, anachana nywele zake, na nywele zinatoka na kitana, fungu kwa fungu. Hapo bado yu hai. Kutisha kote kutakakofuata kunatoka kwenye kitana kile, maana watazamaji wameona alivyodhulumiwa na hawawezi kusema hana haki.

Hideo Nakata aliijua hadithi hiyo alipotengeneza Ringu mwaka 1998. Anayetazama kanda fulani ya video anakufa baada ya siku saba. Mwandishi wa habari Reiko na aliyekuwa mumewe, Ryuji, wanatafuta chanzo na kukuta mifupa ya Sadako kisimani. Reiko anaikumbatia ile fuvu, saa yake ya kufa inapita, na mtazamaji anashusha pumzi, kwa sababu anazijua hadithi za kale: maiti akizikwa kwa heshima, anatulia. Kesho yake Ryuji yuko mezani kwake. Televisheni inawaka yenyewe. Kinaonekana kisima. Kitu kinatoka kisimani, kinakuja, kinakuja, kisha kinatoka nje ya kioo cha televisheni na kutambaa sakafuni. Mwigizaji aliyemcheza Sadako alitoka kwenye kabuki. Alirekodiwa akitembea kinyumenyume kisha picha ikarudishwa mbele, na ndiyo maana mwendo wake unakukera mifupani. Hatuoni Ryuji anauawa vipi. Tunaona jicho moja la Sadako, na uso wa Ryuji.

Kifo kile kinafafanua filamu nzima. Reiko alinusurika kwa sababu aliinakili kanda na kumwonyesha mwingine, na ile mifupa haikuwa na lolote la kufanya na hilo. Deni la Sadako halilipiki. Linahamishwa tu. Picha ya mwisho ni ya mama akiendesha gari kwenda kwa baba yake mzazi akiwa na kanda, ili mtoto wake, ambaye naye ameitazama, apone. Kwangu hakuna kifo kilichoonyeshwa kwenye Ringu kinachotisha kama hiki ambacho hakijaonyeshwa bado.

Thailand ilifika hapohapo kwa njia yake. Kwenye Shutter ya mwaka 2004, mpiga picha Tun anaumwa shingo filamu nzima, na mizani inaonyesha uzito ambao mwili wake hauna. Mwishoni tunaiona sababu: msichana aliyedhulumiwa amekaa mabegani mwake. Tun hafi. Anabeba.

Kabla sijafika Korea, kuna kifo kimoja nisichoweza kukitazama kwa raha. Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai 1973, akiwa na miaka 32. Mwaka 1978 ikatoka Game of Death, iliyojengwa juu ya vipande vichache alivyoviacha na waigizaji waliofanana naye kwa mgongo. Humo mhusika wake anapigwa risasi ya kweli wakati wa kurekodi filamu, na tukio linalorekodiwa ni lile la kuruka langoni, la Fist of Fury. Kisha anajifanya amekufa, na maziko yanayoonyeshwa ni picha halisi za maziko ya Bruce Lee, pamoja na uso wake ndani ya jeneza. Mwaka 1993 mwanawe Brandon, mwenye miaka 28, alipigwa risasi kwa bunduki ya maigizo wakati wa kurekodi filamu huko Marekani, akafa. Hakuna mtunzi aliyepanga mfanano huo, lakini kuutumia uso wa maiti lilikuwa kosa. Bruce Lee hakuwa na deni lolote kwa watazamaji wake la kulipa kwa uso ule.

Na sasa Train to Busan ya Yeon Sang-ho, ya mwaka 2016, ambayo naiona ndiyo iliyoifunga hesabu hii vizuri kuliko zote za karne hii. Seok-woo ni meneja wa fedha asiye na muda na bintiye mdogo, Su-an. Mwanzoni anatazama video ya onyesho la shule: mtoto anaimba, anasita, ananyamaza. Alikuwa amejifunza wimbo ule kwa ajili ya baba, na baba hakuja. Deni limeandikwa, na ni dogo tu, wimbo mmoja. Halafu treni inaondoka Seoul na wafu wanaotembea wamo ndani.

Vifo humo vinapimwa mmoja mmoja. Sang-hwa, jitu lenye mabega ya mlango, anazuia mlango kwa mwili wake ili mkewe mjamzito apite, na la mwisho analopaza ni jina la mtoto atakayezaliwa. Abiria waliowafungia wenzao nje wanafunguliwa mlango na bibi mmoja mzee aliyemwona dada yake upande wa pili wa kioo, tayari amegeuka. Bibi hasemi kitu, anavuta tu.

Seok-woo anang'atwa mkononi akiwa ameshafika kwenye injini ya treni. Anamweka mtoto kitini, anamwonyesha yule mama mjamzito breki ilipo, anamwambia Su-an asimwachie mkono. Mtoto anamshika, anapiga kelele, hataki. Anajibandua, anakwenda nyuma kabisa ya injini na kusimama akitazama reli. Macho yanaanza kubadilika. Kilichobaki akilini ni siku alipompakata Su-an mchanga kwa mara ya kwanza, na anatabasamu. Kamera haitazami mwili. Inatazama kivuli chake ardhini kando ya reli, na kivuli kinaachia.

Wanaobaki ni wawili, wanatembea ndani ya handaki lenye giza kuelekea Busan. Upande wa pili askari wamelenga bunduki, hawawezi kujua kama wanaokuja ni watu au wafu, na amri ya kufyatua imetoka. Kutoka gizani inasikika sauti ya mtoto anayelia huku akiimba. Ni wimbo uleule wa shuleni. Safari hii anauimba wote, na askari anashusha bunduki.